Dungu Sound na Sauti ya Zakayo

Nairobi,
mwezi wa tatu, mvua ndiyo zinaanza

Kwa dada yangu mpendwa Ruthi,

Shikamoo dada. Pole na kazi za shamba, pole na goti, na pole kwa kuingoja barua yangu muda mrefu hivi. Shemeji hajambo? Watoto wanakwenda shule, au wanajificha kwenye alizeti mpaka kengele ipite kama tulivyofanya sisi? Huku mimi ni mzima. Ndugu yetu Zakayo naye anakula, anatembea, anafua nguo zake mwenyewe, na leo asubuhi amecheka. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyaweka mwanzoni kwa sababu huko mbele hayapo mengi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa vitunguu anayepakia Mkiwa na kushusha huku sokoni. Alinitafuta mpaka akanipata, kwa hiyo akipita tena mpe kuku, na asiwe yule jogoo mzee. Nimefurahi kusikia uwele umesimama vizuri mwaka huu. Nimesikitika kusikia kwamba ndege kwelea nao wamepata habari.

Umesema ile kaseti yetu ya zamani, uliyokuwa unaificha kwenye sanduku la khanga, redio ya shemeji imeitafuna mpaka utepe wote ukatoka nje, na ndiyo peke yake uliyokuwa nayo yenye sauti ya Zakayo. Umeniomba nikutumie nyingine, hata kama ina neno lake moja tu, kwa kuwa ni miaka hujamsikia. Halafu umesema shangazi anawaambia watu kanisani kwamba Zakayo alilogwa kule Itigi na watu wenye wivu na bendi, ndiyo maana hatumi hata salamu, na unataka nikueleze ukweli tangu mwanzo ili umjibu.

Shangazi nitakupa la kumjibu. Kaseti sitaituma, dada. Haipo na haitakuwepo. Zakayo hana sauti tena. Sisemi mafua, wala koo kukauka kwa siku mbili tatu. Akifungua mdomo inatoka pumzi, basi. Nimeliandika hili mapema kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote ukilitafuta. Sasa kaa chini usome polepole.

Mwanzo unaujua kuliko sisi, maana wewe ndiye uliyetupandisha kwenye dungu la miti kule bondeni Kinampanda, mama akiwa ameshafariki na baba hana wa kumwachia shamba. Mimi nilikuwa mvivu wa kuamia ndege wasile uwele. Nilikuwa napiga debe kwa fimbo nikifuatisha nyimbo za kwaya, ndege wanakula huku wananisikiliza. Mwenye sauti alikuwa Zakayo. Wewe ulimfundisha kuianzia tumboni, chini, kama mtu anayeinua gunia, halafu aiachie ipasuke juu, na kundi zima la kwelea linainuka kwa mara moja. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanasema mtoto wa Ruthi ameamka. Walimwita mtoto wako ingawa ulikuwa msichana bado, na hukuwahi kuwasahihisha.

Usiyoyajua vizuri ni yaliyofuata tulipohamia Singida mjini. Ulikuwa ule wakati wa ruksa ya biashara ndiyo unashika moto. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, mashati ya mitumba na redio kaseti zenye taa za rangi. Lakini kiwanda kimoja cha serikali pale mjini kilichokuwa na bendi yake kilifungwa, na bendi nayo ikafa. Mpiga gitaa wake alikuwa Shabani, mtoto wa mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, na mpiga dramu alikuwa Msengi, mtu mzima mwenye mikono kama majembe na roho ya mtoto. Vyombo vilipopigwa mnada baba yake Shabani akavichukua. Mzee wa watu alidhani muziki ni kama vitambaa, unapima, unakata, unamfungia mteja.

Kinanda kilikuja na ami yake Shabani kutoka Dubai, ndani ya boksi la vitenge. Kilikuwa kidogo, cheusi, cha plastiki, na kila aliyekiona aliuliza ni cha mtoto wa nani kuchezea. Kwa kuwa nilikuwa nimepiga kinanda kanisani, nikapewa mimi. Dada, kile kidude kilikuwa na ngoma ndani yake, unabonyeza tu zinalia zenyewe, haraka unavyotaka, bila kuchoka wala kuomba maji. Tena kilikuwa na kitufe cha kunasa sauti. Ukikibonyeza ukaongea, kinashika sauti yako kidogo, muda wa kutaja jina lako tu, halafu kila kibao unachogusa kinaitoa ile sauti, nene huku, nyembamba kule. Siku ya kwanza tulimnasa kuku, tukapiga wimbo mzima wa kwaya kwa sauti ya kuku. Shabani alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanzoni tulipiga kama bendi zote zilivyokuwa zinapiga, nyimbo za mapenzi, Zakayo akibembeleza na kufumba macho. Tulikuwa wabaya. Nasema kwa upendo, lakini tulikuwa wabaya. Mambo yalibadilika Mkiwa, Jumapili moja mchana, kwenye kilabu kando ya barabara. Njiani spika ya Shabani ilikuwa imechanika karatasi, tukaiziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na gitaa likawa linakoroma badala ya kulia. Tuliona aibu nalo. Zakayo anaimba, hakuna anayesikiliza, na dereva mmoja wa lori amekaa kwenye kiti chake anatupigia honi makusudi.

"Nyie!" akapiga kelele. "Mnaimba au mnaomba radhi?"

Watu wakacheka. Hapo hapo kipaza sauti kikakata. Unajua hasira za Zakayo, huwa hazina hodi. Alikitupa kile kipaza sauti, akasogea mbele, akavuta pumzi kutoka kwenye kisigino, akamwamia yule dereva kama kwelea. Kuku wote wa pale Mkiwa, wale wanaongoja kupandishwa mabasi, walilala chini kwenye matenga yao. Honi ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa anauza mayai akauliza, "Jamani, huyu anaamia nini, ndege wako wapi?"

Yule dereva akashuka. Tulidhani anakuja kupigana, Msengi akasimama na vijiti vyake mkononi. Dereva akasema, "Hiyo. Rudia hiyo."

Zakayo akarudia. Nikawasha ngoma za kinanda kwa mwendo wa mwisho, Msengi akazikimbiza kwa dramu zake, Shabani akaacha gitaa likorome linavyotaka. Yale tuliyoyaonea aibu yakawa ndiyo muziki wetu. Zakayo akawa anaimba mistari miwili ya upole, ile sauti yake ya kwaya uliyoipenda, halafu anaiachia ile nyingine, na watu wanaruka kama wamekanyaga siafu. Jioni hiyo tukajiita Dungu Sound. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, dada, na nakuambia bila aibu kwamba sitegemei kuipata tena.

Sasa mwambie shangazi, Itigi hatukulogwa. Itigi tulipendwa. Vijana wa reli walikuwa wanacheza mpaka kofia zinaanguka. Manyoni walituita mara kwa mara. Mitundu tulipotoa ile sauti mara ya kwanza mgambo walikuja wakikimbia na virungu wakidhani kuna watu wanauana, na tulipowaeleza kwamba ni wimbo, mkubwa wao akasema, "Basi mwambieni anayeuawa apunguze." Tukampa kiti akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Ile kaseti uliyokuwa nayo Shabani aliirekodi kwa redio yake huko huko, ndiyo maana ulikuwa unasikia mbuzi.

Kilichotuua si mchawi. Ni kwamba ruksa iliyotuletea kinanda ilileta na vingine. Kila mji ukapata banda la video. Mtu aliyekuwa anakuja kutuona anakwenda kutazama watu wanapigana mateke kwenye televisheni, na asiyekwenda huko anakwenda disko, ambako kuna kijana mmoja na kaseti zake, mtu mmoja wa kulishwa na kulazwa, si wanne kama sisi. Baba yake Shabani akaanza kutuangalia kama kitambaa kilichopauka. Tukaona twende Dar es Salaam, tukarekodi redioni, nchi nzima itusikie. Tulipandia treni Manyoni. Wewe ulikuja kutuaga na viazi vya kuchemsha, unakumbuka, na Zakayo akakuamia kutoka dirishani mpaka watu wa behewa lile wakahama.

Kule redioni kulikuwa na wazee wa kukagua nyimbo. Walitusikiliza kwa adabu. Wimbo ulipoisha mmoja akavua miwani, akamwuliza Shabani, "Huyu kijana anaumwa?"

"Hapana mzee, anaimba."

"Haya. Mkimaliza kugombana, rudini mrekodi."

Tulirudi mara nyingine nyingi. Kila tukirudi walitaka Zakayo aache kelele, na kila wakisema hivyo Zakayo alitoka nje bila kuaga. Nilimgombeza sana wakati ule, nikamwambia akubali kidogo tu, wimbo mmoja. Alinijibu, "Kama wanataka kubembelezwa waende kwa mama zao. Mimi dada alinifundisha hivi." Nilitaka kumpiga, dada, lakini ningempigaje?

Huko huko Dar tukampoteza Msengi. Mwenye baa moja tuliyokuwa tunapiga alikuja akainama juu ya kinanda, akabonyeza zile ngoma za ndani, akasikiliza, akamtazama Msengi, akanitazama mimi. Kesho yake Msengi alifunga nguo zake. Tulimshika mkono, tukambembeleza. Akasema, "Yona, mimi nimeshindana na wapiga dramu wakubwa sikuogopa. Siwezi kushindana na kitufe." Yuko Mkiwa sasa, nasikia analima alizeti, na ngozi za dramu zake amezitumia kuwambia viti.

Tuliobaki watatu tukaja huku Nairobi kwa sababu tuliambiwa huku studio ni nyingi na hakuna wazee wa kukagua. Ni kweli hakuna wazee. Kuna mwenye studio tu, na yeye anakagua kwa mkasi. Tulirekodi nyimbo zetu zote kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la viatu, Zakayo akaimba mpaka akatema damu kidogo kwenye leso, tukaona ni koo tu. Kaseti ilipotoka mitaani tukainunua kwa furaha, tukaiweka kwenye redio. Kinanda changu kimo. Gitaa la Shabani limo. Zakayo hayumo hata kidogo. Amewekwa kijana mwingine anayeimba kama anamlaza mtoto. Shabani hakula siku ile. Baadaye barua ikaja kwamba mzee wake anaumwa na duka halina mtu, akaondoka. Sasa anauza mitumba pale sokoni Singida, ukimwona msalimie, lakini usimwulize habari za gitaa.

Kwa hiyo Dungu Sound ikawa mimi na Zakayo, na hoteli moja ya mama mmoja kando ya stendi, watu wanakula nyama sisi tunapiga kwenye kona. Hapo ndipo sauti ilipoanza kumpotea. Leo ipo, kesho imekwama, keshokutwa inatoka imevunjika katikati. Alikuwa anakunywa maji ya moto na tangawizi, anajifunga kitambaa shingoni, anakaa kimya mchana kutwa ili aitunze. Wewe unaweza kumfikiria Zakayo akikaa kimya mchana kutwa?

Asubuhi moja alinitikisa. "Yona, amka uninase."

"Nikunase vipi?"

"Kwenye kinanda. Leo ipo, naisikia. Ninase kabla haijaisha."

Nilimwambia asinene hivyo. Akasema, "Sikukuamsha tubishane." Tukapanda kwenye paa la nyumba tunayokaa, ambako watu wanaanika nguo, nikabonyeza kile kitufe, na Zakayo akaitoa. Ilikuwa nzima, dada. Ilianzia chini, ikapasuka juu, kama kule bondeni. Njiwa wa jirani waliinuka wote, na mama mmoja aliyekuwa anaanika akaangusha beseni la nguo safi. Kinanda kikaishika. Zakayo akamwomba radhi yule mama kwa sauti ambayo tayari ilikuwa imekwaruzika, na sijamsikia akitoa nyingine nzima baada ya ile.

Baada ya hapo alikuwa anasimama kwenye kona na kipaza sauti, anaimba mistari ya upole kwa kunong'ona, na ikifika mahali pake anafungua mdomo, mimi nagusa kibao. Watu walipiga makofi. Hawakujua. Siku moja alishindwa hata kunong'ona, nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari alimwangalia kwa tochi na kioo, akasema kuna nyama imeota kwenye koo, lazima ikatwe na itaondoka na vingine. Walimkata. Alipoamka alijaribu kuniita jina langu, nikaona midomo yake tu.

Tangu wakati ule hakwenda tena hotelini. Mimi nilikuwa nakwenda peke yangu, napiga, ikifika mahali pake nagusa kibao na sauti yake inatoka kwenye kona ambako hayupo. Mchana nikiwa nimejilaza, nilikuwa namsikia akikisogelea kinanda, anagusa mara moja, anaisikiliza mpaka inaisha, halafu anarudi kufua. Hakuwa anarudia. Mara moja tu kwa siku, kama mtu anayemwamkia mzee.

Nikueleze jambo moja la kinanda hiki, maana bila hilo hutaelewa. Ile sauti kinayonasa hakiiandiki popote. Kinaikumbuka tu, kwa nguvu ya umeme au ya betri. Kikikosa vyote viwili, hata kwa kupepesa macho, kinasahau, kinarudi kuwa kinanda kama kilivyotoka Dubai. Mimi nilikuwa najua. Kila nilipokichomoa kwenye umeme nilihakikisha betri zimo. Nilidhani na Zakayo anajua. Hatukuwahi kuzungumza juu yake, na yeye hakuwahi kuuliza.

Barua yako ilipofika nilimsomea yote kwa sauti. Alicheka uliposema habari za kwelea. Nilipofika pale ulipoomba kaseti yenye neno lake hata moja, alinyamaza kidogo (nasema alinyamaza, unanielewa), halafu akanyoosha kidole kwenye kinanda, akanyoosha kwenye barua, akapiga makofi. Nilielewa mara moja. Nikashangaa kwa nini hatukulifikiria mapema. Tungerekodi ile sauti kutoka kwenye kinanda iingie kwenye kaseti, na mimi ningeongea mwanzoni nikutajie kwamba ni yeye. Nilimwambia, "Kesho naazima redio kaseti kwa jirani, tunamtumia dada." Alifurahi mpaka akapika yeye.

Kesho yake umeme ukakatika tangu asubuhi. Kinanda kilikuwa kinakwenda kwa betri, na betri zenyewe zilikuwa zimechoka, sauti inatoka kidogo kama iko ndani ya mtungi. Nikatoka kwenda kuazima redio na kutafuta kaseti tupu. Nilipochelewa, Zakayo akaona afanye jambo la maana. Dada, huku mjini betri ikichoka watu wanaitupa. Sisi tumekulia kwetu. Wewe mwenyewe ulikuwa unazitoa kwenye redio ya baba na kuzianika juu ya bati la jiko, zinaota jua mchana kutwa, jioni tunasikia taarifa ya habari vizuri. Alitaka uisikie sauti yake ikiwa na nguvu. Akafungua kifuniko, akazitoa.

Nilimkuta juu ya paa. Amezipanga kwenye kipande cha boksi, amekaa kando yake anawafukuza watoto wasizichukue. Aliponiona akaninyooshea dole gumba.

Nilijua tayari, lakini nilikuwa sijataka kujua. Nilizibeba, zikiwa za moto kiganjani, tukashuka chumbani, nikazirudisha, yeye akawa ameshika ile redio kaseti tayari kuibonyeza. Nikagusa kibao. Kikatoa sauti ya kinanda, safi, kubwa kuliko jana. Betri zilikuwa zimepona kweli. Zakayo akanitazama. Akagusa kibao cha pili, akagusa cha tatu, akavipitia vyote kutoka kushoto hadi kulia kwa kidole kimoja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba za mtaa mzima.

Halafu akabonyeza kile kitufe cha kunasa. Sikumzuia, ningemzuiaje? Aliinama karibu, akavuta pumzi kutoka kwenye kisigino vile vile, mishipa ya shingo ikamtoka, macho yakamjaa maji. Alipomaliza akagusa kibao yeye mwenyewe. Ikatoka pumzi. Akagusa upande mwingine, ikatoka pumzi nene zaidi. Hiyo ndiyo Dungu Sound iliyobaki, dada yangu. Nilimwuliza kama tukutumie hiyo hiyo. Akatikisa kichwa, akafungua kifuniko cha betri, akazitoa tena.

Nimefikiri siku nyingi nisikuandikie sehemu hii, niseme tu kaseti imepotea njiani. Lakini ungeomba nyingine. Na nisikie vizuri, usiweke mkono kichwani ukasema ni mimi niliyeomba. Ulikuwa na haki ya kuomba. Yeye alikuwa na haki ya kutaka uisikie vizuri. Sina wa kumlaumu na hilo ndilo linalonichosha, kwa sababu kama ningekuwa na mtu ningekwenda kumpiga nikarudi nimepumzika.

Nilimweleza mwenye hoteli kwamba ile sauti haipo tena, nikingoja anifukuze. Alinisikiliza huku anafuta meza. Akasema, "Afadhali. Wageni walikuwa wanashtuka, chakula kinamwagika. Piga pole pole tu." Kwa hiyo kazi ninayo. Napiga pole pole. Sitarudi sasa, dada, maana hiki kipato kidogo ndicho kitakachomnunulia Zakayo dawa, na kwetu sijui nitapiga nini wala nitampigia nani. Usiniulize bendi itaanza tena lini. Haitaanza.

Zakayo anakuja nyumbani. Amekubali, ameniandikia kwa mkaa kwenye boksi kwamba anataka kuwa shambani. Atapanda na yule dereva wa vitunguu akirudi na gari tupu, atashushwa Mkiwa, na Msengi ameahidi kumpokea na kumpandisha gari la Kiomboi. Daktari amesema asikae kwenye moshi, kwa hiyo asilale karibu na jiko. Usimpandishe kwenye dungu kwanza. Mpe kazi ya kupalilia, na watu wakimwita kutoka mbali asipoitika, wewe waeleze, wasimwone ana maringo ya mjini.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake nimeisamehe. Nisalimie mama mdogo anayetunza ng'ombe wa baba, na mjomba fundi baiskeli, na mchungaji, ambaye alisema zile ni kelele na nakiri alikuwa na masikio mazuri. Shangazi mpe salamu zake pia, na umsomee kuanzia pale Mkiwa mpaka hospitali, asiongeze la kwake. Watoto wabusu mmoja mmoja, na yule wa mwisho aliyepewa jina la Zakayo umshike kwa niaba yangu.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Amenieleza kwa mikono kitu kinachomsumbua kuliko vyote. Anaogopa siku atakayofika. Anasema ataingia uani, wewe utatoka jikoni, watu watakuwa wanatazama, na hataweza kukuamkia. Hajawahi kupita mbele yako bila kukuamkia tangu ajue kusema. Kwa hiyo dada, ukimwona anainamisha kichwa mbele yako na midomo inacheza, usingoje kusikia. Itikia tu marahaba, tena itikia kwa sauti kubwa, wote walioko uani wasikie.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Yona